Jua Ni Moja, Ngozi Si Moja

Jua ni moja, ngozi si moja.

Mzee Nakuchima aliitamka methali hiyo bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani. Vijana watatu wa karakana yake walikuwa wakinung'unika tangu asubuhi. Mwenzao Rehani, aliyezaliwa na mkono mmoja usionyooka, alikuwa ameondolewa kwenye meza ya kukatia vitambaa akapewa kazi ya kukagua mishono, na wao waliona huo ni upendeleo. Kazi ni kazi, walisema, na kama ni kuchoka, nani hachoki?

Waliposikia maneno ya mzee wakainua vichwa. Kisha Shamsa, binti asiyeacha neno lipite bila kuuliza lilikotoka, akasema, "Hiyo methali ni ya wapi, babu? Shuleni hatukufundishwa."

"Hamkufundishwa kwa sababu si ya kale," mzee akajibu. "Waliokuwapo ilipozaliwa, wengine tungali hai."

Akalisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja, akawasimulia ilivyoanza.

Kule Likungwi, pwani ya kusini, nchi ni tambarare na bahari huingia yenyewe ikikaribishwa. Hapo palikuwa na mashamba ya chumvi. Maji yaliingizwa kwa mifereji kwenye mabwawa mapana yenye kina cha kifundo cha mguu, yakaachwa jua liyanywe. Kilichobaki chini kilikuwa chumvi, ngumu kama ukoko wa wali. Kazi ya watu ilikuwa kuikwangua kwa reki na majembe, kuipakia kwenye makarai na kuibeba kichwani hadi kwenye marundo kandokando ya bwawa. Hapakuwa na mti hata mmoja, maana mti hauoti kwenye chumvi. Jua la Likungwi lilimpiga mtu mara mbili: lilimpiga kutoka juu, kisha ule weupe wa chini ukalirudisha likampiga usoni. Waliofanya kazi pale walijulikana hata sokoni kwa macho yao mekundu na nyayo zilizopasuka.

Miongoni mwao alikuwapo Somoe Ngwele, mjane wa miaka thelathini na sita, mwenye watoto wawili na bega moja bovu. Alikuwa mchapakazi na alikuwa na ulimi. Watu walipotaka jambo lisemwe mbele ya wakubwa, walimtazama yeye.

Pale kazi ilifanywa wawili wawili. Kila wawili walipimiwa ngwe yao asubuhi, na hawakuondoka mpaka iishe. Mwenzake Somoe alikuwa kijana aitwaye Zamoyoni, wa miaka ishirini na mitatu, aliyezaliwa na ualbino. Siku zile wengi hawakusema hivyo. Walisema zeruzeru, na wengine walisema mbele yake kana kwamba hana masikio. Alikuwa kijana mrefu, mwenye sauti nzito na mzaha wa chinichini. Hakuona vizuri, hasa mchana, ila mikono yake ilikuwa na nguvu na hakujua uvivu.

Msimamizi wa zamani, mzee Lukanga, alimchukua kazini kwa sharti moja ambalo alijiwekea mwenyewe. Zamoyoni angekwangua chumvi tangu alfajiri hadi saa tatu. Jua likishapanda angeingia bandani kusaga chumvi, kuichanganya na madini joto na kushona magunia, na saa kumi angerudi bwawani. Tena angevaa shati la mikono mirefu na kofia kubwa ya ukindu aliyosukiwa na mama yake, Bi Fatu. Lukanga hakumweleza mtu sababu. Aliona wenye macho wataona.

Lakini mzee huyo alisahau jambo moja. Hakumpa Somoe mtu wa kumsaidia katika saa zile saba. Ngwe ilibaki ileile ya watu wawili. Jua lilipofika utosini Somoe alikuwa peke yake, anakwangua, anapakia, anajitwika, anarudi. Kutoka bwawani aliuona mlango wa banda na giza lake la ubaridi, na upepo ulipogeuka alisikia watu wakicheka mle ndani. Hakumchukia Zamoyoni. Alikichukia kile kivuli. Na mtu akikichukia kivuli kwa muda mrefu, mwisho humchukia aliyekaa ndani yake.

Misimu miwili ikapita hivyo. Mzee Lukanga akastaafu, akaja msimamizi mpya, Bwana Mfaume. Alikuwa kijana bado, amesoma, na hakuwa mtu mbaya. Alisalimia mpaka wafagizi. Siku ya kwanza alikataa kula peke yake, akaketi na wafanyakazi kwenye mkeka akachota ugali pamoja nao. Alisema amefanya kazi mahali watu walipobaguana kwa kabila na kwa dini, akaapa kwamba alipo yeye hilo halitakuwapo. Wiki ya pili alileta sare: fulana za bluu za mikono mifupi, na kofia ndogo za bluu zenye kikingo mbele. Kila mtu alipata yake, kuanzia mlinzi.

Halafu akaitisha mkutano, akataka kila mwenye dukuduku alitoe. Watu wakatazamana, kisha wakamtazama Somoe.

Somoe akasimama. Bega lilikuwa likimuuma tangu usiku, na pengine kama lisingeuma siku ile, maneno yangetoka mengine. Lakini lilimuuma.

"Mimi nina neno dogo, Bwana Mfaume," alisema. "Umesema hapa hakuna mkubwa wala mdogo. Vizuri. Basi nieleze. Jua likitoka, linatoka kwa ajili yangu peke yangu? Mimi linanichoma. Huyu Nakuchima linamchoma. Wale kina mama kule nyuma linawachoma. Mbona kuna mtu mmoja kila siku saa tatu ananiaga, anakwenda kivulini, mimi nabaki na ngwe ya watu wawili? Jua ni moja, bwana. Jua ni moja, au lina mpenzi wake?"

Watu wakaangua kicheko, kisha wakapiga makofi. Mzee Nakuchima hakuwaficha vijana wake kwamba naye alipiga makofi, tena kwa nguvu.

Mfaume alitabasamu. "Umesema kweli, dada. Jua ni moja." Akaandika kwenye daftari lake la mikutano. "Zamoyoni, simama ndugu yangu. Una la kusema? Kuna mtu hapa anakuona wewe si mwenzetu?"

Zamoyoni alisimama kule nyuma, ameshika kofia yake ya ukindu kwa mikono miwili. Alikuwa na la kusema. Kila mtu aliona kwamba analo. Alimtazama Somoe, akawatazama wale waliokuwa bado wanacheka, akamtazama msimamizi aliyemwita ndugu mbele ya watu.

"Sina neno," alisema. "Nitafanya kama wenzangu."

"Basi kuanzia kesho, wote sawa," Mfaume akasema, na makofi yakalia tena.

Asubuhi yake Zamoyoni alikuja amevaa fulana ya bluu na kofia ndogo. Mikono yake ilikuwa myeupe kuanzia kwenye vifundo vya mikono kwenda juu, mahali ambapo jua halijapata kufika, na shingo yake yote ilikuwa wazi. Somoe alipomwona alicheka kidogo, akasema, "Sare imekupendeza." Zamoyoni naye akacheka. Alijigeuza mbele na nyuma kama bwana harusi.

Saa tatu ilifika, ikapita, na hakuondoka. Siku hiyo ngwe ilikwisha mapema. Somoe alifika nyumbani jua lingali juu, akapika kwa mikono yote miwili, bega limetulia, akasema moyoni kwamba kumbe haki ni kitu kitamu.

Siku ya nne ngozi ya shingo ya Zamoyoni ilivimba na kutoka malengelenge. Ya saba yalipasuka. Midomo yake ilichanika hata akawa hawezi kucheka wazi, na maji ya chumvi yalipomrukia alivuta pumzi kwa meno. Mchana, weupe wa bwawa ulipokuwa mkali zaidi, macho yake yalicheza huku na huku yasipate pa kutua. Mara mbili alikosa njia akatumbukia mferejini akiwa na karai kichwani. Watu walimcheka, naye akacheka pamoja nao.

"Jifunge kanga shingoni," Somoe alimwambia.

"Kanga si sare, dada."

"Nani atakuuliza?"

"Juzi nilivaa lile shati langu la zamani juu ya fulana. Waliniuliza watatu kabla sijafika mlangoni, kama nimeshaanza tena kudeka."

Ndivyo walivyoanza kuzungumza wale wawili. Zamani walikuwa na saa za alfajiri tu, na alfajiri mtu hana maneno. Sasa walikuwa pamoja kutwa nzima. Somoe akaja kujua kwamba Zamoyoni alikuwa wa pili kuzaliwa, na kwamba baba yake alipomwona tu alikunja mkeka akaondoka. Alijua kwamba shuleni aliketishwa nyuma na hakuwahi kuuona ubao, akajifunza kwa kusikia. Alijua pia kwamba kwenye harusi za jirani sahani yake ilipakuliwa peke yake. Yote hayo Zamoyoni aliyasema huku anakwangua, kwa sauti ya mtu anayeeleza habari za mvua.

Msimu ule ukaisha, ukaja wa pili. Ndipo Somoe alipokiona kile kidonda. Kilikuwa nyuma ya sikio la kushoto, kidogo kama punje ya mtama, chenye ukoko juu. Alidhani ni chunusi. Baada ya mwezi kilikuwa sawa na harage. Kilikauka, kikafumuka, kikatoa maji, kikakauka tena. Zamoyoni alikipaka mafuta ya nazi. Baadaye alikuja na kiraka cha bendeji kutoka zahanati, na daktari alikuwa amemwambia maneno matatu tu: epuka jua kabisa.

"Na ulimwambia unafanya kazi wapi?" Somoe akauliza.

"Nilimwambia. Akanitazama, akaandika dawa."

Usiku huo Somoe hakupata usingizi, na asubuhi hakwenda bwawani kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye ofisi ya Mfaume, akasimama mlangoni.

"Bwana Mfaume, nimekuja kulirudisha neno langu."

"Neno gani, dada Somoe?"

"Nililosema mkutanoni. Kuhusu jua. Mrudishe kijana bandani."

Mfaume aliweka kalamu chini. "Amekutuma?"

"Hajanituma. Hata akijua nimekuja atakasirika. Nenda kamtazame nyuma ya sikio."

"Nimemwona. Nimempa ruhusa ya kwenda zahanati kila anapoomba. Hakuna mtu ninayemnyima hilo." Akafunga daftari lake, akaendelea polepole. "Lakini dada, wewe ndiye uliyesema. Nimeandika, na watu wamekubali. Leo nikimtoa yeye, kesho mwenye mgongo atataka, kesho kutwa mwenye presha. Nikisema huyu tofauti na yule, nitakuwa nimerudisha kilekile tulichokitoa. Mimi simwoni Zamoyoni kuwa tofauti. Namwona mtu kama mimi."

"Lakini ni tofauti," Somoe alisema.

Mfaume alimtazama kwa huzuni, kama mwalimu aliyevunjwa moyo na mwanafunzi aliyempenda. "Sikutegemea kusikia hilo kwako," akasema.

Somoe akatoka. Saa ya chakula aliwaendea wenzake kwenye mkeka. Aliwaambia waungane waende wote kwa msimamizi, maana sauti ya mmoja imeshashindwa. Mwanamke mmoja akamuuliza nani atabeba ngwe ya kijana. Mwingine akasema, kwani wewe si ndiye uliyetufungua macho? Nakuchima alitazama ugali wake. Hakuna aliyekataa. Walisema watafikiri, wakaendelea kula, na Somoe aliona wazi jinsi watu wanavyofikiri jambo ambalo wameshaliamua.

Akarudi bwawani. Alimwambia Zamoyoni, "Saa tatu ikifika wewe nenda ukalale hata nyuma ya yale magunia. Ngwe nitamaliza mimi. Nilikuwa nikiimaliza zamani, nitaimaliza tena."

Zamoyoni aliegemea reki. Bendeji ilikuwa imelowa.

"Hapana, dada."

"Kwa nini unakuwa mkaidi? Unajiua!"

"Nisikilize," alisema. "Siku ile uliposema jua ni moja, watu wakacheka, mimi niliumia. Kisha nikatoka nje nikafikiri. Nikasema, kumbe nami nimo. Linaloniunguza mimi ndilo linalowaunguza wao. Miaka yote niliyoishi hakuna aliyewahi kunilalamikia kwamba sifanyi sawa na wenzangu, kwa sababu hakuna aliyenihesabu kuwa na wenzangu. Wewe ulinihesabu. Sasa unataka niwaombe wanitoe tena?"

Somoe aliinama akaendelea kukwangua. Angekuwa na jibu kama angelitafuta msimu uliotangulia, siku aliyosimama kulalamika. Angeweza kusema siku ile: nipeni mtu wa kunisaidia mchana. Maneno matano tu, na hayakuwa na kijana ndani yake. Lakini hakuyafikiria. Ilikuwa rahisi zaidi kuona aliyekaa kivulini kuliko kumwona aliyepanga kazi.

Kuanzia siku hiyo alijaribu kumfunika kwa mwili wake. Alisimama upande jua lilipo ili kivuli chake kimwangukie kijana, na saa saba mchana kivuli cha mtu ni kama kiganja. Alimletea kanga, na Zamoyoni akaikunja akairudisha. Alimletea dawa ya miti shamba, na kidonda hakikuijali. Msimu wa tatu ulipofunguliwa, nyuma ya sikio palikuwa pamechimbika, na shingoni kulikuwa na uvimbe mgumu kama embe bichi. Mfaume mwenyewe alipouona alishtuka. Alimpa Zamoyoni barua ya kwenda hospitali kubwa na gari la kumpeleka, na siku hiyohiyo akatangaza kwamba kijana akipona atarudi kufanya kazi bandani. Watu wote walikubali palepale. Hakuna aliyeuliza habari ya ngwe.

Hospitalini walisema ni saratani ya ngozi, na imekwisha kuingia ndani. Walisema kwamba angekuja mapema, kidonda kikiwa bado punje, kingekatwa kwa nusu saa naye akarudi nyumbani kwa miguu yake.

Somoe alikwenda kumwona mara tatu, kila mara safari ya kutwa nzima. Mara ya mwisho uso wa Zamoyoni ulikuwa umefungwa nusu. Alimtambua Somoe kwa sauti.

"Chumvi imetoka vizuri mwaka huu?" Zamoyoni akauliza.

"Imetoka."

"Nani yuko na wewe?"

"Wamenipa watu wawili," Somoe akasema, na ilikuwa kweli. Baada ya kijana kuondoka, Mfaume alimwongezea watu wawili bila hata kuombwa.

Zamoyoni aligeuzia uso wake ukutani. "Wawili," akasema. "Kumbe walikuwapo."

Somoe alikuwa amekuja na msamaha wa kuomba. Ameuandaa njia nzima, neno kwa neno. Akaona hapana pa kuuweka kitandani pale. Akamnyooshea shuka, akamuaga.

Zamoyoni alikufa mvua za kwanza zilipoanza, wakati mashamba yanafungwa na maji matamu yanaharibu mabwawa. Walimzika kijijini kwao. Wafanyakazi wa Likungwi walikuja wote kwa lori, wamevaa fulana zao za bluu, kwa sababu Mfaume alisema ni heshima kwa mwenzao. Siku ya tatu, baada ya kisomo, wanaume wakiwa wameketi uani chini ya turubai na wanawake wakiwa ndani, Mfaume aliomba kusema maneno mawili.

Alisema vizuri. Na hakuwa anaigiza. Alisema marehemu alikuwa mfano. Alisema kuna mahali wangemficha nyuma kwa sababu ya hali yake, lakini Likungwi haikumficha. "Hatukumbagua hata siku moja," alisema. "Alivaa tulichovaa, alikula tulichokula, alifanya tulichofanya. Kwetu sisi jua lilikuwa moja."

Ndani, Somoe aliyekuwa ameketi ukutani alihisi maneno yake mwenyewe yakimrudia kwa mdomo wa mtu mwingine, tena msibani. Alijivutia kanga masikioni.

Hapo Bi Fatu, mama wa marehemu, akasimama. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, na kwa siku tatu hakuna aliyesikia sauti yake. Wanawake walijaribu kumshika, akawapita taratibu. Akafika mlangoni, akashika mwimo wa mlango, akawatazama wale watu wote wa bluu.

"Mwanangu," alimwambia Mfaume, bila ukali, "nimekusikia. Mungu akulipe kwa kumzika mtoto wangu. Lakini usiseme hivyo hapa. Mimi nilimzaa. Alipotoka tumboni, mkunga alimwanika mlangoni apate joto, kama watoto wote, na kabla sijamaliza kunywa uji alikuwa amebabuka mgongo. Siku hiyo nilijua. Sikuhitaji shule. Nimemlea miaka ishirini na mitano kwa kivuli. Nimemsukia kofia tangu hajaanza kutembea. Ninyi mlinipokonya kwa kumpenda."

Akavuta pumzi.

"Jua ni moja, baba. Ni moja kweli. Ngozi si moja."

Akarudi ndani akaketi.

Mfaume alibaki amesimama na mikono yake ikining'inia, kisha akakaa chini. Walirudi kwa lori, na Somoe alikuwa amekaa nyuma kabisa, uso wake kwenye upepo.

Msimu uliofuata Mfaume alijenga banda la makuti kati ya mabwawa, kubwa, lenye mabenchi. Alitangaza kwamba mtu yeyote ambaye ngozi yake au mwili wake hauwezi jua la mchana atafanya kazi humo na hataulizwa. Hakuna aliyekuja. Habari zilikuwa zimeshasambaa pwani nzima, na mama aliyezaa mtoto kama Zamoyoni hakuthubutu kumtuma Likungwi. Banda likawa la kuegeshea baiskeli. Mfaume aliomba uhamisho mwaka uleule, akaondoka bila kuaga.

Maneno ya Bi Fatu ndiyo yaliyobaki. Wafanyakazi waliyabeba kwenda nayo makwao, wakayasema viwandani, shuleni na kwenye mabaraza ya harusi. Kila mahali wakubwa walipotaka kuwafunga watu wote kamba moja, mtu aliyasema, na wengine wakaitikia kwa kichwa. Yakawa methali. Watu waliyasema upesi upesi, kama wanavyosema nyingine, bila kujua nani alikufa ili yapatikane.

Somoe alifanya kazi ya chumvi miaka tisa zaidi, mpaka bega lilipokataa kabisa. Alikuwa na wasaidizi wawili siku zote, na siku zote aliwatazama kama mtu anayetazama deni. Alimwendea Bi Fatu mara nyingi. Alimchotea maji, alimfulia, alikaa naye kizingitini. Alimwambia kila kitu, pamoja na ule mkutano na makofi. Bi Fatu alisikiliza mpaka mwisho. Hakumfukuza, na hakumwambia amemsamehe. Alimwambia tu, "Kesho ukija, uje na chumvi, yangu imekwisha." Somoe alikwenda na chumvi. Alikwenda nayo mpaka yule mama alipofariki, na neno alilolisubiri halikuja.

Uzeeni, vijana walipomwomba awasemee ile methali, maana walijua alikuwapo, alikuwa na desturi moja. Alisema nusu ya kwanza tu, kisha akanyamaza. Walidhani amesahau, wakammalizia. Hakuwa amesahau. Ile nusu ya kwanza ilikuwa yake, aliisema kwa kinywa chake mbele ya watu, na hakuna aliyeweza kumwondolea. Ile ya pili haikuwa yake, na aliona hana haki ya kuigusa.

Ndiyo maana mpaka leo, huko kusini, methali hii husemwa na watu wawili. Mmoja husema, "Jua ni moja." Kisha husubiri, na asipopata wa kumjibu, hubaki na nusu yake.

Mzee Nakuchima akasema, "Jua ni moja," akanyamaza, akawatazama wale vijana watatu mmoja baada ya mwingine.

Ilichukua muda. Kisha Shamsa, kwa sauti ndogo, akajibu:

"Ngozi si moja."